Sanduku la Kupimia Plastiki Ufukweni: Machekeche Sawa, Vijiti Hapana

Nianze na vijiti, maana ndivyo vilivyotufanya tutoe hela. Kwenye picha ya tangazo kuna mkono umeshika kijiti cha karatasi, ncha imegeuka waridi, na chini yake maneno kwamba sanduku hili linaonyesha sumu iliyobebwa na chembe za plastiki kwa dakika mbili. Mimi ni mwalimu wa kemia, mwaka wa kumi na moja sasa. Nilitakiwa kushtuka palepale. Sikushtuka. Niliona kijiti, nikawaona watoto wangu wa klabu ya mazingira wakikichovya, nikamwona na mkuu wa shule akitabasamu siku ya wazazi, nikalipa.

Hela yenyewe si ya mchezo: shilingi 245,000 za sanduku na 38,000 za kusafirisha. Hela ya klabu, iliyopatikana kwa kuuza juisi ya ukwaju na ubuyu kwenye mahafali mawili na mechi moja ya kirafiki ambayo tulifungwa. Kwa hiyo tathmini hii naiandika kwa niaba ya wanunuzi thelathini na wanne, wengi wao hawajafika miaka kumi na saba, na kila mmoja ana maoni yake. Muuzaji simtaji. Masanduku ya namna hii yamejaa mtandaoni, yanafanana kama mapacha, na anayetaka kununua lolote kati ya hayo atapata cha kumfaa humu.

Tulilifungulia ufukweni, Kunduchi, Dar es Salaam, Jumamosi asubuhi, bamvua, maji yamekupwa mpaka ngalawa zimelala ubavu. Kosa. Ndani vifaa vilikuwa vimezungushiwa vipande vyeupe vya povu la plastiki, vyepesi kama bisi, na upepo ulikuwa unavisubiri. Nilipoinua tu kifuniko, vikaruka. Watoto wakavifukuza mpaka kwenye mitumbwi, wavuvi wanacheka, mmoja anapiga makofi. Dakika kumi na tano za kwanza za uchunguzi wa plastiki zilikwisha tukiokota plastiki tuliyoileta wenyewe. Vichache vilitushinda, na bila shaka sasa ni sehemu ya takwimu za mtu mwingine.

Baada ya hapo, niseme ukweli, sanduku lilianza kujitetea.

Machekeche ni matatu, ya chuma kisichoshika kutu, upana wa sahani ya wali, yanapandana vizuri. La juu lina matundu ya milimita 5, la kati milimita 1, la chini milimita 0.3. Vipimo hivyo vina sababu zake. Milimita 5 ndio mpaka ambao wanasayansi wengi wanautumia: kilicho chini ya hapo kinahesabiwa kuwa plastiki ndogondogo, mikroplastiki kama wanavyoiita. Kwa hiyo chekeche la juu linazuia makombe, vijiti, vifuniko vya soda na vipande vya ndala. Kinachopita hapo na kukwama kwenye la kati ndicho unachokitafuta. Mchanga wa Kunduchi mkavu unapita kwenye la kati kama unga. Lile la chini sahau. Mchanga ukiwa na unyevu kidogo tu linaziba kama pua ya mtoto wakati wa mafua, na hata ukilipigapiga mpaka mkono ufe ganzi, haliachii.

Kitabu cha maelekezo kinasema upime "karibu na maji". Usikisikilize. Plastiki inayoelea haikai pale mawimbi yanapovunjikia, inakaa pale maji yalipoishia. Tafuta ule mstari wa majani ya bahari yaliyokauka, mweusi mweusi, ulioachwa na maji kujaa ya mwisho. Halafu panda juu zaidi utafute wa zamani, ulioachwa na bamvua kubwa zaidi. Huo wa juu ndio ghala. Tulitandika ile kamba ya mraba, nusu mita kwa nusu mita, tukakwangua mchanga wa sentimita moja au mbili za juu, tukachekecha.

Binti mmoja wa Kidato cha Pili ndiye aliyeipata ya kwanza. Alidhani ni jicho la samaki. Ilikuwa punje ya mviringo iliyobonyea kidogo, kama dengu, upana wa milimita 4 hivi, rangi ya chai ya maziwa iliyokaa. Akaigeuza kwenye kiganja, akainusa, akasema, "Madam, haina harufu." Baada ya hapo kila mtu akawa na macho. Kwenye mraba ule mmoja zilitoka punje kumi na saba: tisa nyeupe za kuonekana kama maji ya wali, sita za manjano, moja nyeusi, moja ya buluu. Mbali na hizo kulikuwa na vipande vya kamba za nyavu, vigamba vya ndoo vilivyopasuka kwa jua, na povu. Baadhi ya povu nililitambua.

Alipita mzee mmoja anayeparaza mtumbwi wake jirani. Shikamoo mzee, marahaba mwalimu, mnatafuta dhahabu? Nikamwonyesha. Akacheka. "Hizi? Mwanangu mdogo aliniletea siku moja, baba nimeokota mayai ya samaki. Nikaling'ata moja. Samaki gani huyu, jino linarudi!" Sijapata bado mwanasayansi aliyeeleza vizuri zaidi kwa nini ndege na samaki wanazimeza.

Hizo punje ndiyo malighafi ya plastiki. Ndoo, beseni, kiti cha mgahawani, vyote vilianza maisha yao kama punje hizi, zikiwa zimejazwa kwenye magunia ya kilo 25. Punje moja ina uzito wa kama miligramu 20, kwa hiyo gunia moja lina zaidi ya milioni. Gunia likipasuka bandarini au kwenye lori, zinamwagika, mvua inazisomba mpaka mtaroni, mtaro unazipeleka baharini. Na meli nayo ikipata ajali, ndiyo balaa lenyewe. Mei 2021 meli ya makontena X-Press Pearl iliungua nje ya Colombo, Sri Lanka, ikiwa na tani zipatazo 1,680 za punje hizi. Fukwe zikafunikwa, watu wakawa wanazizoa kwa koleo kama theluji. Bahari ni hii hii yetu, ya Hindi.

Sasa sumu inaingiaje? Kitabu cha sanduku kimetumia ukurasa mzima na mishale mingi kueleza jambo ambalo mama yangu analijua tangu plastiki iingie jikoni kwake. Chukua bakuli la plastiki, lile la kubebea chakula, weka mchuzi wa samaki wenye bizari na mafuta, uache ulale. Kesho osha. Osha tena. Weka sabuni, weka limau, sugua na mchanga ukitaka. Umanjano hautoki. Bakuli la bati au la kioo ukilisuuza mara moja limekwisha. Rangi ya bizari haipendi maji, inapenda mafuta, na plastiki ni mtoto wa mafuta ya petroli. Ikikutana na ndugu yake inamkumbatia na hamtoki tena.

Baharini mambo ni hayo hayo, ila mchuzi ni mwingine. Kuna PCB, yale mafuta yaliyokuwa yakitiwa kwenye transfoma na vifaa vya umeme. Kuna DDT, dawa ya zamani ya kuua wadudu, na mabaki yake. Kuna HCH, nayo dawa ya wadudu, ambayo lindeni ni mmoja wa ukoo wake. Vyote hivi haviyeyuki vizuri kwenye maji, havioozi upesi, na vinapenda mafuta, kuanzia mafuta ya mwili wa samaki mpaka ya mwili wako. Vikiwa vinaelea baharini kwa viwango vidogo sana, vikakutana na punje ya polithini, ile plastiki ya mifuko na ndoo, vinahamia humo. Mwaka 2001 watafiti wa Japani, kundi la Profesa Hideshige Takada, walichapisha kazi yao: walitumbukiza punje mpya, safi, kwenye maji ya bahari kwa siku sita, wakaona PCB inapanda humo siku hadi siku. Na punje zilizookotwa zilikuwa zimekusanya sumu hizo mara laki moja mpaka milioni moja kuliko maji yaliyozizunguka. Soma tena hiyo namba. Maji unaweza kuyaita safi, punje iliyomo ndani yake ikawa kama sifongo.

Ndiyo maana umanjano una maana. Punje mpya ni nyeupe. Ikikaa juani na majini miaka, kemikali za kuikinga zilizochanganywa kiwandani zinaharibika na inageuka manjano, halafu kahawia kama meno ya mvuta sigara. Ya manjano imekaa safarini muda mrefu zaidi, na kwa kawaida imebeba zaidi. Humu kwenye sanduku kuna kadi ya rangi ya kulinganishia, kuanzia nyeupe mpaka kahawia, hatua sita. Hicho kifaa, kadi ya karatasi isiyofikia ukubwa wa kitambulisho, ndicho bora kuliko vyote kwa bei yake. Watoto waliyapanga yale mavuno kwa dakika tano na hawakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Haya, vijiti.

Viko ishirini, vya njano, kwenye kichupa. Maelekezo: tia punje kwenye kikombe, weka maji ya bahari, tikisa, chovya kijiti. Kikigeuka waridi kuna "sumu za viwandani na viuatilifu". Tukachovya kimoja. Waridi! Kelele mpaka kwenye mnada wa samaki. Tukachovya cha pili kwenye punje nyeupe, waridi. Cha tatu kwenye vipande vya ndoo, waridi. Cha nne, ile punje ya buluu peke yake, waridi tena. Watoto wanaruka, na mimi ndani yangu kitu kinashuka polepole, kwa sababu mtihani unaojibu ndiyo kwa kila swali huo sio mtihani. Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye darasani huwa analala, akauliza, "Madam, hivi sumu iko kwenye punje, au kijiti kinapenda tu maji ya bahari?"

Nilimpa soda. Nasema kweli, nilimnunulia soda.

Jumatatu tukafanya kazi maabara, tena kwa uchoyo maana vijiti vilikuwa vimebaki kumi na sita. Cha kwanza: zile punje za manjano, zimesuuzwa vizuri, ndani ya maji yaliyokenekwa. Njano, hakikubadilika. Cha pili: maji ya bahari matupu, yamechujwa kwa kitambaa, bila punje hata moja. Waridi. Cha tatu: juisi ya ndimu. Njano. Cha nne: maji ya sabuni ya unga. Waridi iliyokolea kama kanga mpya. Cha tano: maji ya majivu kutoka jikoni kwa mama lishe wa shule. Waridi. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anajua hicho ni nini. Ni karatasi ya kuonyesha alikali, kinyume cha asidi. Maji ya bahari yana alikali kidogo, pH yake ni kama 8.1, kwa hiyo popote duniani utakapochovya kijiti hiki baharini kitakuambia kuna sumu, hata ukikichovya mahali ambapo hapajawahi kufika binadamu.

Hata kingekuwa kijiti cha kweli, kisingeweza. Angalia mantiki: sumu tunazozizungumzia zimehamia kwenye plastiki kwa sababu zinayakimbia maji. Halafu unatia plastiki kwenye maji, unatikisa, unategemea zitoke zikusalimie? Na viwango vyenyewe vinapimwa kwa nanogramu kwa gramu. Nanogramu moja kwa gramu ni sawa na gramu moja ya sumu iliyotawanywa kwenye tani elfu moja za plastiki. Karatasi haioni kitu hicho. Maabara yenye uwezo inalowesha punje kwenye heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, ili kuivuta sumu itoke, inasafisha ule mchuzi, kisha inaupitisha kwenye mashine ya kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya masi: ya kwanza inazitenganisha kemikali, ya pili inazitambua kwa uzito wake. Mashine hiyo haiingii kwenye sanduku la 245,000. Haiingii hata kwenye bajeti ya shule yetu kwa miaka mia.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba njia ya kweli ipo, na muuzaji angeweza kuieleza kwenye ukurasa mmoja. Yule Profesa Takada, wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Tokyo, ndiye aliyeanzisha mpango unaoitwa International Pellet Watch. Wazo lake ni la kitoto kwa uzuri: watu wa kawaida duniani kote wanaookota punje ufukweni wazifunge, wazitie kwenye bahasha, wazitume kwa posta. Punje ni nyepesi, hazioozi, hazihitaji barafu. Samaki wa kupima ungelazimika kumgandisha na kumsafirisha kwa ndege. Punje mia moja ni gramu mbili. Kule wanachambua zile za polithini, wanachagua za manjano, wanazipima kwa makundi, maana punje mbili za ufukwe mmoja zinaweza kutofautiana mno, moja ikiwa imetoka mbali na nyingine imedondoka jana.

Matokeo yao ya mwaka 2009, fukwe 30 katika nchi 17, niliyachora ubaoni. PCB ilikuwa juu zaidi pwani za Marekani, ikifuatiwa na Ulaya Magharibi na Japani; kusini mwa Afrika ilikuwa chini. Inaeleweka, waliotumia transfoma nyingi ndio waliochafua. DDT ilikuwa juu pwani ya magharibi ya Marekani na Vietnam. Lakini HCH, ile dawa ya wadudu, ilikuwa juu kusini mwa Afrika, na watafiti wakasema inaonyesha ilikuwa bado inatumika. Darasa likanyamaza. Watoto walikuwa wameshazoea kwamba kila uchafu una jina la mzungu. Mmoja akakumbuka bibi yake Kibaha alivyokuwa akisimulia harufu ya ghala la dawa za zamani la Vikuge. Hapo ikabidi nieleze kwamba punje haisemi tu kuhusu bahari, inasema kuhusu mashamba na maghala ya nchi kavu. Mvua ndiyo tarishi.

Turudi kwenye sanduku, kwa haraka. Lenzi ya kukuza mara kumi: nzuri, ila kamba yake ilikatika siku ya pili. Tochi ya miale ya urujuanimno: mchana haionyeshi kitu, na gizani inang'arisha makombe, uzi wa shati, kucha za mwalimu, kila kitu isipokuwa mara nyingine plastiki yenyewe. Vibano ni vya plastiki, na vinapinda. Kuna sindano ya kupasha moto, kwamba ukiigusisha kwenye chembe na ikayeyuka basi ni plastiki. Wazo zuri sana, tena linafanya kazi, lakini sindano ya kushonea na mshumaa unavyo nyumbani.

Mifuko ya kuhifadhia sampuli ndiyo iliyoniacha hoi. Mifuko ya plastiki! Umetoka kunieleza ukurasa mzima kwamba plastiki inavuta kemikali, halafu unanipa plastiki nitunzie ushahidi. Sampuli ya kupima kemikali inafungwa kwenye foili ya alumini, kama unavyofunga samaki wa kupaka, na haishikwi kwa vidole. Mikono yetu ina losheni, mafuta ya nazi, na kama ni mtalii ana krimu ya jua, ambayo nayo ina kemikali za kukinga miale zinazofanana na zile zinazotiwa kwenye plastiki. Kibano cha chuma, foili, bahasha ya karatasi, andika tarehe na ufukwe, basi. Binti mwenye punje ya kwanza alikuwa ameipitisha kwenye mikono ya watu wanane. Hiyo tuliitoa kwenye sampuli, akaruhusiwa kukaa nayo.

Swali ambalo hakuna sanduku lililonisaidia nalo liliulizwa kwenye daladala tukirudi: "Madam, kwa hiyo tusile dagaa?" Daladala nzima ikatega sikio, konda akapunguza muziki. Hapa muuzaji ameandika kwa herufi kubwa kwamba plastiki "inamwaga sumu kwenye sahani yako". Ni rahisi kuandika. Ukweli una kona nyingi. Ndege wa baharini waliokuwa na plastiki tumboni wamekutwa na kemikali za plastiki hiyo kwenye mafuta yao. Hilo limethibitishwa na kundi hilohilo la Tokyo mwaka 2013. Lakini kwa sumu kama PCB, wapo watafiti waliopiga hesabu wakaona kwamba samaki anazipata kwa wingi kutoka kwenye maji na chakula chake cha kawaida, na plastiki inaongeza kidogo tu juu yake. Mahali fulani punje safi ikimezwa na samaki mchafu inaweza hata kuvuta sumu kutoka kwake. Kemikali zilizotiwa kiwandani ni habari nyingine, hizo zinakuja na plastiki tangu kuzaliwa. Nikawajibu hivyo, kwa kirefu, mpaka konda akarudisha muziki. Jioni nilipika dagaa wa nazi. Vichwa na matumbo niliyatoa, jambo ambalo mama yangu angeliita dharau.

Lakini kupuuza pia siwezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima vituo 18 pwani ya Tanzania na kukuta chembe za plastiki kwenye vyote, Mtoni Kijichi hapa Dar ikiongoza kwa mbali. Walizikuta na ndani ya kombe, wale ambao akina mama wanawachokoa matopeni maji yakikupwa. Kombe halitolewi tumbo. Unalichemsha, unalila lote.

Ningekuwa natoa nyota: machekeche nne, kadi ya rangi tano, kitabu mbili, vibano na mifuko moja, tochi sifuri, na vijiti ningevidai mimi nyota. Usinunue sanduku zima. Mimi nilimpelekea fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani, hapa Dar, yale machekeche kama mfano. Kwa 22,000 alinitengenezea mawili, fremu ya bati, moja la wavu wa matundu ya milimita 5 wa mabanda ya sungura na jingine la waya wa dirishani wa kuzuia mbu, ambao tundu lake linazidi milimita 1 kidogo. Kwa punje, ambazo ni milimita 3 mpaka 5, linatosha kabisa. Tahadhari moja: waya wa mbu siku hizi mwingine ni wa plastiki uliopakwa rangi ya kijivu, uchome kwa moto kidogo dukani kabla hujalipa, muuzaji akinuna mwambie ni mwalimu wa kemia aliyekutuma. Ongeza chumvi ya mawe, iyeyushe kwenye ndoo mpaka igome kuyeyuka, mwaga mchanga wako humo ukoroge: mchanga unazama, plastiki za polithini, polipropilini na hata polistirini zinaelea juu kama mafuta ya mchuzi. Zichote kwa chujio la chai la chuma. Kila kitu hakifiki 40,000, na fundi akawatengenezea watoto la tatu bure, dogo, kwa sababu mmoja wao alimweleza habari ya bizari kwenye bakuli na akasema hajawahi kuifikiria hivyo.

Muuzaji nilimwandikia, kwa upole, na picha za vijiti vitano vimepangwa mbele ya vikombe vyake. Alijibu siku hiyohiyo kwa kidole gumba. Nikamwuliza kidole gumba maana yake nini, ananirudishia hela au anakubali makosa, akatuma kingine.

Punje za manjano tumefikisha sitini na tatu, zimo kwenye foili ndani ya droo yangu, tunasubiri bamvua ijayo tufikishe mia twende posta. Vijiti vilivyobaki ni kumi na moja. Nimeviweka kabatini karibu na litmasi, nimebandua lebo ya zamani na kuandika "alikali", na wiki ya mada ya asidi na besi Kidato cha Kwanza watapimia majivu ya mama lishe.